Siku Viola Alipogeuka

Mzigo ulikuwa umeshafungwa nyuma ya baiskeli, kuku wa zawadi ananing'inia kwenye usukani kichwa chini, na Phelista Nekoye ameshavuka geti na mtoto mgongoni, ndipo Daktari wa Ndege akatoka mbio, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi.

"Mama Viola, ngoja kidogo. Usiende na neno langu nusu."

Phelista hakutaka kungoja, lakini mwenye baiskeli alingoja, kwa kuwa wenye baiskeli hupenda kusikia mambo ya watu. Basi ikabidi naye asimame.

Neno lenyewe lilitoka jana yake, mchana kweupe. Gichuki, maana ndilo jina lake, hakuwa daktari wa kutibu, ingawa watu wa Saboti hawakuacha kumletea mbuzi wenye kuhara. Alikuwa anasoma sauti za kurumbiza, yule ndege mwenye nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa, anayeanza kusema alfajiri jogoo akiwa bado anajinyoosha. Alikuwa amepanga nyumba kuukuu ya mzungu, yenye sakafu ya mbao, na Phelista na mumewe Wakhungu walikaa vyumba vya nyuma. Wakhungu alimbebea spika na nyavu. Phelista alimpikia na kumfulia.

Sasa hiyo jana, Gichuki aliweka spika kwenye nyasi, akaifungulia mlio wa hofu, ule kurumbiza anaoutoa akimwona mwewe. Aliufungulia hadi mwisho, apate kuona ndege walio ng'ambo ya ua watafanya nini. Kuku wakatawanyika. Mbwa akasimama manyoya. Phelista mwenyewe aliangusha sufuria ya maharagwe. Viola, ambaye alikuwa na miaka mitatu na kitu, alikuwa ameketi pale nyasini ameipa spika mgongo, karibu kuigusa, akipanga magunzi ya mahindi. Aliweka gunzi moja juu ya jingine. Halafu jingine.

Gichuki alizima mashine, akamtazama mtoto, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Huyu mtoto hasikii." Rotich wa maziwa alikuwa amesimama pale na mikebe yake, na Rotich alikuwa na wateja wengi.

Hapo getini Phelista alimjibu bila kumtazama usoni. "Anasikia, Daktari. Nikitembea nyuma yake nyumbani anageuka. Mlango ukipigwa anageuka. Mimi ndiye mama yake, si nitajua?"

"Ni mbao hizo, mama. Sakafu inatikisika. Anasikia kwa matako, si kwa masikio."

Mwenye baiskeli alicheka. Gichuki akajua amekosea, akapangusa miwani, akaanza upya kwa sauti ya chini. Alisema kuna wataalamu wa masikio watakaokuja hospitali ya Kitale mwezi ujao, wana mashine ya kupima, na gari lake lingewapeleka bure na kuwarudisha. Alisema mtoto bado ni mdogo na huo ndio wakati. Phelista alisikiliza huku akiivuta leso ikaze kifuani.

"Kukhu, bibi yake, ametuita kwao Kanduyi," akasema. "Huyu mtoto hasemi kwa sababu ya jina. Hayo tutayamaliza sisi wenyewe."

Akapanda baiskeli.

* * *

Kwa Wabukusu mtoto hapewi jina la kupendeza tu. Hupewa jina la aliyetangulia, na aliyetangulia hujichagulia. Akikosewa hununa, na akinuna mtoto hulia usiku kucha, au hukataa ziwa, au ulimi wake hukaa ndani kama konokono. Viola lilikuwa jina la kadi ya kliniki. Jina la nyumbani alipewa kwa haraka, Nasambu, kwa sababu mwaka ule mvua ilikuwa mbaya na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza vizuri. Basi kila mtu alijua kosa liko wapi. Kukhu, mama yake Wakhungu, Jumapili alikuwa mtu wa kanisa la Marafiki asiyekosa ibada. Siku nyingine za juma alikuwa mtu wa wazee wake, na hakuona kwamba pande hizo mbili zina ugomvi.

Asubuhi walimkalisha Viola kwenye benchi la mbao mbele ya jiko, na Phelista akakalishwa mwisho wa benchi hilo hilo, mbali kidogo, asimshike mtoto. Wanawake wa nyumba walikaa chini kwenye mikeka. Kukhu alimwaga pombe ya busaa kidogo kizingitini, akaja akasimama nyuma ya mtoto. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika nyumba ile: mwitaji husimama mgongoni, kwa kuwa mtoto akiona midomo anaweza kugeuka kwa kuona tu, na jina linatakiwa liende lenyewe.

Akaita Nasambu, kwa heshima, ili asije akasema amerukwa. Kimya. Akaita Naliaka, aliyekuwa mkunga. Akaita Namaemba, aliyekufa na mimba. Aliita kila mmoja kwa upole, akimweleza kwamba mtoto ni huyu hapa, kama anamtaka amchukue amlinde, na ulimi aufungue. Viola alikuwa anatazama siafu wanaovuka uwanja. Kukhu alirudia tangu mwanzo. Jua likapanda. Mwanamke mmoja akakohoa, mwingine akanyoosha miguu.

Wifi yake Phelista, Nekesa, ndiye aliyelisema.

"Labda anayemdai hayuko kwetu. Labda yuko kwa kina mama yake, na huko hatujui walimfanyia mtu nini."

Hakuna aliyemkemea. Macho yote yalikwenda mwisho wa benchi. Phelista alikuwa ameolewa miaka minne na tumbo lilikuwa limeshika mara hiyo moja tu. Alijua hesabu hiyo walikuwa wanaifanya.

 Kulikuwa na jina moja Kukhu alilokuwa analizunguka kama mtu anavyozunguka kaburi shambani. Nabalayo alikuwa mke mwenzake. Waligombania mpaka wa shamba la mtama wakiwa na nguvu zao, wakaacha kuamkuana, na Nabalayo akafa wakiwa hawajaamkuana. Sasa mama huyo mzee alivuta pumzi, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya mwanzo.

"Nabalayo. Kama ni wewe."

Phelista alikuwa anatazama kisogo cha mwanawe. Nzi alitua kwenye sikio la Viola, na Viola akatikisa kichwa. Jina lilikuwa limepita hapo hapo, na kichwa hakikutikisika. Ni hapo moyo wake ulipojua, ulijua kabisa, kwamba yule mtu wa ndege alisema kweli. Na ni hapo hapo kisigino chake kilipogonga mguu wa benchi. Hakukiamuru. Au alikiamuru, baadaye hata yeye hakuweza kuapa.

Viola aligeuka. Akamwona bibi yake nyuma, akacheka.

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Kukhu alikwenda chini magoti mawili, akaifuta pua kwa leso, akawa anasema mwenzangu, mwenzangu, kumbe ulikuwa ni wewe. Nekesa alikuja kumshika Phelista mkono na kumwambia asiweke moyoni. Kuku akachinjwa. Phelista alipewa firigisi, ambayo kwa kawaida mwanamke hapewi, na aliila yote akitazama chini.

* * *

Habari zilifika Saboti kabla yake. Wakhungu aliwapokea njiani kwa kicheko, akambeba mtoto mabegani, akamwita Nabalayo, Nabalayo, kila hatua. Hakuwa mtu wa makuu. Alipenda kazi ya spika. Alikuwa ameshajua kumpigia kurumbiza mluzi na ndege akajibu, na hilo lilimfurahisha kama mtoto. Lakini lile neno la Gichuki lilikuwa limemkaa kooni, na sasa alikuwa na jibu.

Alimkuta Gichuki barazani anafuta betri kutu, akamweleza yote, na mwisho akasema, kwa ungwana tu, kwamba hata wasomi hukosea.

"Nimefurahi sana kama ni hivyo," Gichuki akasema. "Hebu mwite."

Wakhungu akapiga hatua barazani na kumwita. Viola, aliyekuwa ameketi juu ya mbao, akageuka. Wakhungu akafungua mikono kama wakili.

"Vua viatu, Baba Viola. Simama pale kwenye nyasi, umwite tena."

"Kwa nini nivue viatu? Jina langu liko kwa viatu?"

Gichuki akamwomba akae. Akaeleza, na wakati huu alijitahidi kuwa mpole, lakini alikuwa mtu aliyekaa sana na ndege na kidogo na watu. Alisema mwaka uliopita alitoa kinda la kurumbiza kiotani akalilea ndani ya sanduku lililozibwa sauti. Lilikula vizuri, likaota manyoya, likawa ndege mzuri wa kutazama. Wakati wa kuimba ulipofika likaimba, ila wimbo ulikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akaliweka karibu na kurumbiza wazima, akalifungulia kanda za baba yake mwenyewe. Halikujifunza tena. Kuna mlango, akasema, uko wazi ukiwa mdogo, halafu unafungwa, na hakuna mtu wa kuufungua. Mtoto wa binadamu pia ana mlango wake.

Wakhungu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka.

"Mtoto wangu si ndege, Daktari. Hakutoka kwa sanduku lako."

"Sijasema ni ndege."

"Umesema. Mbele ya Rotich ulisema hasikii, leo unasema ataimba kama bawaba. Na mama yangu mzazi ameita jina, watu wazima wako hapo, mtoto ameitika. Sasa unaniambia mama yangu ni mwongo?"

 Gichuki alimgeukia Phelista, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Mama Viola, wewe ulikuwepo. Aligeuka kwa jina?"

Hapo palikuwa pa kusema. Beseni lilikuwa zito na maji yalikuwa yanamdondokea miguuni. Aliona uso wa mumewe, umemwelekea bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeegemea ukuta wa nyumba yake. Aliwaona wale wanawake wa Kanduyi na Kukhu aliyepiga magoti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye.

"Aligeuka," akasema.

Wakhungu aliingia ndani, akatoa spika, nyavu na lile koti la mvua alilopewa, akavipanga barazani kimoja kimoja. Gichuki alimsihi. Alimwambia kazi na mambo ya mtoto ni vitu mbalimbali. Wakhungu akasema kwake si mbalimbali. Jumamosi walikuwa wamehama. Wataalamu wa masikio walikuja Kitale kama ilivyotangazwa, wakakaa siku zao, wakaondoka.

* * *

Kanduyi walipewa chumba nyuma ya jiko la Kukhu. Wakhungu alipata vibarua Webuye, akawa anakuja mwisho wa juma, mara nyingine mwisho wa mwezi. Phelista alipanga nyanya na vitunguu kando ya barabara. Viola alirefuka. Alikuwa mtoto mwepesi, anayejua kuchota maji, kufukuza kuku kwenye mtama, kutofautisha noti za pesa. Alikuwa na sauti, ila sauti yenyewe ilikuwa ya kuvuta tu, haina maneno ndani. Watu walisema ulimi unakuja polepole, mbona hata fulani alisema akiwa na meno ya pili.

Kukhu ndiye aliyekaa naye kutwa. Alimwita mwenzangu, kama mtu anavyomwita mke mwenza wakipatana, na akawa anaongea naye wakichambua mboga, wakiota jua, wakitoka kisimani. Aliongea sana. Phelista akipita alikuwa anasikia vipande, akaharakisha mwendo.

Umri wa shule ulipofika Viola alipelekwa darasa la kwanza, maana shule ilikuwa bure na hakukuwa na kisingizio. Watoto walikuwa wengi, wanabanana kama mahindi gunzini. Juma la tatu alirudi na mkono umevimba. Mwalimu alikuwa amemwita jina, akamwita tena, mtoto amekaa anatazama dirishani, na mwalimu akaona hiyo ni dharau. Watoto walimweleza Phelista hayo yote kwa kicheko. Wakamwonyesha hata jinsi Viola alivyoruka fimbo ilipomfikia, kwa sababu hakuisikia ikija.

Phelista aliukanda ule mkono kwa maji ya chumvi. Kisha akaenda akakaa karibu na Kukhu, aliyekuwa anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Kukhu. Ile siku ya jina niligonga benchi."

"Uligonga nini?"

"Benchi. Kwa kisigino. Ulipoita Nabalayo. Ndiyo maana aligeuka. Huyu mtoto hasikii, Kukhu. Hajawahi."

Kukhu aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa haragwe lililotobolewa na wadudu, akalitazama, akalirudisha kwenye mazuri.

"Kwa hivyo Nabalayo hakuitika."

"Sijui mambo ya Nabalayo. Mimi ndiye niligonga."

"Nimemwambia mambo huyu mtoto," Kukhu akasema. "Mambo ya ule mpaka. Nilisogeza jiwe mimi, si yeye. Sijamwambia mtu, hata marehemu mzee. Nimemwomba msamaha kila siku, nikaona anacheka, nikasema amesamehe."

 Viola alikuja, akachukua kiganja cha maharagwe kwenye ungo, akakimbia nacho. Kwa kawaida Kukhu angemfokea kwa mapenzi. Alimfuata kwa macho tu.

"Mpeleke Kitale. Baba yake nitamwambia mimi," akasema. Kisha akauvuta ungo kwake. "Lakini leo usikae mbele yangu. Nenda ukae kwengine."

Wakhungu aliambiwa Jumamosi. Phelista alikuwa amejiandaa kwa kipigo, hata alikuwa amevua heleni yake moja iliyobaki. Kipigo hakikuja. Alikaa kitandani akifungua kamba za viatu, akauliza swali moja.

"Siku ile kwa baraza, nilipoacha kazi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akazifunga tena zile kamba. Alifika Webuye usiku huo huo, kwa baiskeli.

* * *

Hospitali ya Kitale haikuwa tena na wageni wenye mashine mpya. Palikuwa na muuguzi mmoja, Jerop, mwenye chumba kidogo na mashine ya zamani. Alimvisha Viola vile vya masikioni, akamwonyesha kwa mkono kwamba akisikia kitu aweke gunzi la mahindi kwenye kopo. Viola alielewa upesi. Alikaa na gunzi mkononi, macho kwa muuguzi, mgongo umenyooka, akingoja. Alingoja muda mrefu. Mwishoni kabisa, kwa sikio la kushoto, sauti nzito ilipokuwa kubwa kiasi cha Phelista kuisikia kutoka kwenye kiti chake, aliweka gunzi moja, akawageukia wote wawili kuona kama amefanya vizuri.

Jerop alisema lipo lililobaki kidogo. Angeletwa akiwa na miaka mitatu, akawekewa kifaa, pengine maneno yangeshika. Sasa kifaa kitamletea kelele, kama redio isiyoshika stesheni. Hakulisema kwa ukali. Alisema mtoto ana akili nzuri sana na apelekwe shule ya viziwi akajifunze lugha ya mikono, kwa sababu mpaka leo hana lugha yoyote kichwani, na huo ndio ugonjwa mkubwa kuliko masikio.

"Nani alimwona kwanza?" akauliza, akiandika.

"Mtu wa ndege," Phelista akasema.

Jerop akainua kichwa, akaona hakuna mzaha, akaendelea kuandika.

* * *

Gichuki alimaliza utafiti wake na anafundisha chuo kikuu. Alirudi Saboti mara moja, mwaka 2006, akauliza habari za Wakhungu, akaambiwa amehama, hakuna aliyejua ni wapi. Baadaye mlima ulio juu ya Saboti ukaingia vita, na hakurudi tena.

Kukhu alifariki mwaka 2008, baada ya mavuno ya mtama. Kabla ya hapo alimwita mtoto wa kwanza wa Nabalayo, akamrudishia kipande cha shamba. Hakueleza sababu, na watu walidhani ni uzee. Jina la nyumbani la Viola hakulibadilisha.

Wakhungu ana mke mwingine Webuye na watoto wawili wanaosema. Hulipa karo ya Viola mihula mingi, si yote. Nekesa aliolewa upande wa Saboti.

Viola yuko bwenini, darasa la tatu, na hesabu anawashinda wavulana. Ana rafiki mmoja, Linah, na wanapokaa pamoja mikono yao haitulii hata wakati wa chakula. Likizo akirudi Kanduyi hukaa kando ya barabara kutwa, akitazama malori, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kuongea naye.

Phelista bado anauza nyanya, na kwenye uwanja wa hospitali ya jirani alipata kibarua cha kufagia siku mbili kwa juma. Siku ya wazazi hufika shuleni wa kwanza. Amejifunza ishara za kula, kulala, kuoga, na kesho. Mwalimu alimwonyesha pia ile ya kuomba msamaha. Hajaitumia.